Usishukie Njiani



Tangu tushuke Mlima Kenya nimeulizwa swali moja, kwenye simu na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada: "Pasta, mtu kupanda mlima kunamsaidia vipi mtoto mwenye saratani? Si mngetoa tu hizo pesa mkakaa nyumbani?" Ni swali zuri. Leo nalijibu. Soma polepole, na ukimaliza mtumie mzazi mmoja.

Nianze na hesabu, maana pesa za watoto si za kufichwa. Tulienda watu 14. Kila mmoja alijilipia kiingilio cha mbuga, kiongozi wa njia, chakula na nauli. Hakuna shilingi ya mchango iliyopanda mlima. Walioahidi waliahidi shilingi moja kwa kila mita ya kilele cha Lenana, yaani shilingi 4,985. Wengine waliungana wanne kwa ahadi moja, na kina mama wa sokoni wakachanga kidogo kidogo mpaka yao ikatimia. Mweka hazina alisoma hesabu Jumapili, na karatasi iko ubaoni kwa kila mtu kuiona. Pesa hizo zinalipa nauli, chakula na malazi ya wazazi wanaopeleka watoto kwa kemo.

Mwingine atauliza, kwa nini nauli? Kwa nini si dawa?

Sikiliza, mpendwa. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kati ya 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hawafiki hata 30. Ugonjwa ni ule ule. Damu ya mtoto ni ile ile. Tofauti iko kwa mambo kama haya: mtoto kufikishwa hospitali akiwa amechelewa, ugonjwa kudhaniwa ni kitu kingine, dawa kukosekana, na matibabu kuachwa katikati. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba kufikia 2030, angalau watoto 60 kati ya 100 wapone. Kanisa letu haliwezi kununua mashine za hospitali. Lakini hilo la kuachwa katikati tunaweza kulishughulikia, kwa sababu mara nyingi linaanzia kwa nauli.

Sasa niwapeleke mlimani kidogo.

Tuliingia kwa lango la Sirimon, upande wa Nanyuki. Usiku wa kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tulitembea kutwa nzima mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200. Ukifika pale unaona Batian na Nelion zimesimama mbele yako, karibu kabisa. Mwili umechoka, chai ni moto, na moyo unakuambia umefika. Lakini hujafika. Bado kuna kuamka saa nane usiku, bado kuna baridi, na changarawe inayokurudisha nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili.

Kule juu, kila pumzi inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Mombasa. Nilikuwa nahesabu hatua kumi, nasimama, nahema kama mzee wa miaka tisini. Hapo ndipo nilielewa jambo ambalo daktari alikuwa ametueleza. Mtoto mwenye saratani ya damu, chembe mbaya hujaa ndani ya uboho wa mifupa na kuzuia zile nzuri kutengenezwa. Damu inapungua. Oksijeni haifiki mwilini inavyostahili. Kwa hiyo kuna mtoto anayehema hivyo akitoka kitandani kwenda chooni, na yeye hakupanda mlima wowote. Mimi nilijua nitashuka kesho yake na pumzi yangu irudi. Yeye hana kesho ya namna hiyo mpaka atibiwe.

Kuna mama mmoja kati yetu ambaye amenipa ruhusa niandike habari yake bila kutaja jina. Mtoto wake alianza kemo ya saratani ya damu. Miezi michache baadaye homa zikaisha, akaanza kula, akarudi kucheza na wenzake. Tulimshukuru Mungu kwa sauti kubwa hapa kanisani. Kisha maneno yakaanza. Jirani akamwambia mtoto ameshapona, kwa nini anaendelea kumtia sumu mwilini? Ndugu wa mume akasema pesa za nauli zingelipa karo ya wale wengine. Na mtu wa maombi, si wa kanisa letu lakini ni mtu wa maombi, akamwambia kurudi hospitali ni kumwonyesha Mungu kwamba huamini.

Alinijia akilia. "Pasta, nikirudi hospitali, nitakuwa nimekataa muujiza?"

Nataka kila mtu asikie nilivyomjibu, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Nilimwambia, mama, soma 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Mungu alimtuma Isaya na ahadi ya uponyaji na miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imeshatolewa na Mungu mwenyewe. Bado Isaya aliagiza andazi la tini, likawekwa juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini ni ukosefu wa imani. Halafu geuza kurasa nyuma kidogo, sura ya 5, umwone Naamani. Aliambiwa ajichovye Yordani mara saba. Hakutoka majini mara ya tatu kwa sababu amejisikia nafuu.

Kemo ya saratani ya damu kwa mtoto mara nyingi huchukua kama miaka miwili hadi mitatu. Baada ya wiki chache za kwanza, damu inaweza kuonekana safi hata kwa darubini. Lakini chembe zilizojificha bado zipo. Ukiacha, zinarudi, na mara nyingi zikirudi huwa ngumu zaidi kuzitibu. Kwa hiyo mtoto akiwa amenawiri, hapo ndipo yuko Shipton. Kilele anakiona, lakini bado hajafika.

Na hapa mfano wa mlima unaishia. Mmoja wetu alianza kutapika na kichwa kikamuuma sana, na kiongozi akamteremsha mara moja. Alifanya vyema. Mlimani kushuka ni hekima, kwa sababu mlima utakuwepo mwaka ujao. Mtoto aliyeacha dawa katikati huenda mwaka ujao asiwepo.

Yule mama alirudi hospitali. Mtoto bado yuko kwenye matibabu, na bado tunaomba. Siwezi kukuandikia leo kwamba yote yamekwisha. Ninachojua ni kwamba hakukosa tarehe yake ya mwezi huu, kwa sababu kuna watu walimlipia matatu, na dada mmoja wa ushirika alibaki na wale watoto wawili wa nyumbani.

Hiyo ndiyo kazi ya wapagazi. Tulipofika Lenana alfajiri, mahali Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963, sisi ndio tulipiga picha na utepe wa rangi ya dhahabu, ile alama ya saratani ya watoto. Lakini vyakula na mifuko yetu ya kulalia vilikuwa vimebebwa mpaka kambini na vijana wasioonekana kwenye picha. Bila wao hakuna aliyefika. Hata yule mwenye kupooza wa Marko 2 alifika kwa Yesu kwa sababu watu wanne walikubali kubeba kitanda.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili: mlima haumponyi mtoto. Ulituita tuangalie upande ambao hatukuwa tunaangalia, na ukatufundisha kubeba.

Mzazi, usipite dalili hizi: weupe ndani ya mboni ya jicho, hasa ukiuona kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga, tumbo lililovimba au uvimbe unaougusa ukimwogesha, taya linalovimba au meno kulegea bila sababu, homa isiyoisha, weupe wa mwili, michubuko na maumivu ya mifupa, kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika. Si kila dalili ni saratani. Lakini mpeleke mtoto kwa daktari, na usipopata jibu, rudi tena. Uvimbe wa taya ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, akifanya kazi hapa jirani Kampala, hukua haraka sana, lakini pia husikia dawa vizuri ukiwahiwa.

Na wewe usiye na mtoto mgonjwa, usiulize familia "mnahitaji nini?" ukaondoka. Uliza tarehe ya kliniki inayofuata, uiandike. Siku hiyo tuma nauli, au peleka unga, au kaa na watoto waliobaki. Fanya hivyo pia mwezi wa nane na wa kumi na tano, wakati watu wengine wamesahau.

Tuombe. Baba, shika mkono wa kila mtoto aliye wadini leo. Wape madaktari na wauguzi hekima na nguvu. Mpe mzazi aliyechoka moyo wa kurudi tena. Na sisi kanisa lako, utufanye wabebaji wasiochoka njiani. Katika jina la Yesu, amina.

Kama unamjua mtoto mmoja, andika "Nitabeba" hapa chini, kisha umpigie mama yake simu leo hii.

Mbarikiwe.