Jua Kuchwa Ras Kigomasha

Sahibu yangu mmoja, niliyesoma naye chuo cha ualimu, kisha tukasomesha Kiswahili hadi tukastaafu, ameondokewa na nuru ya macho. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni ikaishia katikati. Juzi alinitaka nimchukue Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, akalitazame jua. Sikumuuliza atalitazamaje.

Tulipovuka Konde na kuingia msitu wa Ngezi aliutambua kwa ubaridi wake, akateremsha kioo cha gari. Upande wa mashariki wa rasi ile uko ufuo wa Vumawimbi, jina ambalo peke yake ni nusu ya shairi. Sisi tulishika upande wa mnara wa taa, ule wa chuma uliojengwa mwaka 1900, tukakaa kwenye majani, nyuso zetu zikielekea bara.

"Haya Maalim, nieleze."

Nikamwambia jua lataka kuzama. Akatikisa kichwa: kizamacho ni chombo. Basi latua. "Ndege ndiye atuaye. Jua huchwa, bwana."

Sikukubaliana naye kuhusu kuzama, wala sikubali hata leo. Atazamaye kutoka pale aliona jua likiingia majini, hana kitenzi cha karibu zaidi. Lakini kuhusu kuchwa ana haki. Kucha na kuchwa vimetenganishwa na "w" moja tu, na baina yao umekaa mchana mzima. Twasema "usiku kucha" na "mchana kutwa" bila kukumbuka kwamba kutwa ndiko kuchwa kwa matamshi mengine. Vijana wetu hutia "machweo" katika kila shairi la mapenzi, ila kitenzi kilichoyazaa hawakijui. "Kumekucha" husikika kila mahali; "kumekuchwa" nimeisikia mara ngapi?

Nilimweleza nilivyoona: wekundu wa ng'onda aliyekauka, ngalawa mbili nyeusi, kisha ukingo uliobaki mwembamba kama ukucha. Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, polepole, kama asomaye imla:

"Si jua lililokuchwa, ni macho yaliyofichwa."

Nilihesabu kwa vidole. Nane na nane. Nikashindwa kusema neno, nikakimbilia ualimu: kina cha kati na cha mwisho umevifanya kimoja, beti nne utazimalizaje?

"Kuna kichwa. Kuna kuachwa."

"Na mchwa," nikasema.

"Mchwa hawaingii katika shairi langu."

Tulicheka hadi mate yakatupalia. Aliniuliza kama taa ya mnara imeshawaka, nikamwambia bado. Akataka tungoje. Ilipowaka nikamwambia, akanyanyuka, akakung'uta kanzu, na tulipoingia garini akaniamuru nitoe kalamu, kwani mshororo wa pili ulikuwa umeshafika.