Kitanda usichokilalia

Kijana wa miaka 16 aliporudi Rudewa, wilayani Kilosa, baada ya miezi saba ya kulala nje mjini Morogoro, nyumba ilijaa watu na maswali. Ulikuwa unaiba? Ulikuwa unavuta nini? Kwa nini umemtia mama yako aibu? Kijana aliinamisha kichwa. Usiku mama yake akamuuliza yaleyale, akaambulia kimya kilekile.

Siku ya tatu alikuja mjomba wake. Mjomba huyo alipoteza nyumba mjini Kilosa, Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, akaishi miezi kadhaa kwenye hema. Alipoitikia shikamoo, aliuliza jambo moja tu: "Mvua ikinyesha ulikuwa unajisitiri wapi, mjomba?" Kijana akainua uso. Alisimulia mpaka jioni.

Alichofanya mjomba yule ndicho kilichofanyika Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kuanzia 2012, Chuo Kikuu cha Dundee cha Uskoti na shirika la StreetInvest walifanya utafiti wa miaka kadhaa kuhusu vijana wa mitaani mjini humo, pia Accra, Ghana, na Harare, Zimbabwe. Katika kila mji, vijana sita waliokuwa wakiishi mitaani walifundishwa kuwa watafiti; jumla yao 18. Kila mmoja alifuatilia maisha ya wenzake wapatao kumi. Kila wiki walisimulia waliyoyaona, na maneno yao yakarekodiwa. Hawakuuliza habari za wizi tu. Waliangalia malazi, chakula, marafiki, afya, usalama, kipato na mipango ya kesho.

Sababu yake ni rahisi. Mtoto wa mtaani akimwona mtu mzima mwenye daftari, humpa jibu analodhani linatakiwa. Mwenzake hawezi kumdanganya, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na kunguni wa kijana wa Rudewa walikuwa nyumbani. Bibi alipoletwa akiwa mgonjwa, nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kijana akaambiwa, "Wewe mkubwa sasa, katafute pa kulala kwa wenzako." Alilala kwa huyu wiki moja, kwa yule wiki mbili, mpaka akachokwa. Ndipo akapanda gari la Morogoro. Mama alidhani mwanawe alitoroka. Kumbe kwa hesabu ya mtoto, yeye alifukuzwa.

Mama alilia, kisha akahamisha magunia ya mahindi kutoka kwenye kibanda cha uani na kumwekea kitanda humo.

Mzazi, kijana wako akiwa analala "kwa wenzake", fahamu ni kwa nani na kwa nini. Na aliyerudi, kabla hujamhukumu, muulize alilala wapi. Kisha nyamaza umsikilize.