Fuata Nyuki, Ulipe Deni

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Huko Bahati, katika Kaunti ya Nakuru, kauli hiyo ilimjia mwanafunzi mmoja wa sayansi ya tarakilishi kwa sura ya deni. Karo yake ilikuwa imechangwa kwa harambee, na mzee jirani, mfugaji wa nyuki, alikuwa ametoa fedha za asali ya msimu mzima. Kijana aliporejea likizoni, sasa akisomea uzamili, mzee alimuuliza, "Mwanangu, pesa zetu zinasoma nini huko?"

Kijana alifungua kinywa, Kiswahili kikamkimbia. Kila istilahi iliyomjia ilikuwa ya Kiingereza. Alinyamaza kama mdeni asiye na cha kulipa. Usiku ule alikesha na kamusi.

Kulipokucha alimfuata mzee kwenye mizinga. "Mzee, gari la maziwa lenye vituo 10 laweza kuvipitia kwa mipango 3,628,800. Vikiwa 15, mipango hupita trilioni moja. Tarakilishi ikiipima yote mmoja mmoja, maziwa yatachacha. Ndipo wataalamu wakawaendea nyuki."

Akamweleza habari za Karl von Frisch, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1973, aliyebainisha kwamba nyuki aliyeona maua huwachezea wenzake ngoma mzingani: mwelekeo wa ngoma huonyesha upande, muda wake huonyesha umbali. Mwaka wa 2005, Derviş Karaboga wa Uturuki aliiga maisha hayo akaunda algoridhimu, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo. Nyuki wa kubuniwa hupima majibu. Jibu jema huwavuta wengi, lililokwama huachwa, na mpelelezi hutumwa kwingine. Vichakataji vingi vikigawana kazi hiyo kwa wakati mmoja, huo ndio ukokotoaji sambamba.

"Kumbe ni harambee!" mzee akamaka.

"Ndiyo, ila ina mpaka. Mwaka wa 1967 Gene Amdahl alionyesha kuwa sehemu isiyogawika huizuia kasi. Fungu moja la kumi lisipogawika, hata vichakataji elfu havitafikisha kasi mara kumi."

"Kama malkia," mzee akajibu. "Vibarua wawe wengi vipi, mayai hutaga yeye. Na nyuki wako huipata njia iliyo bora kuliko zote?"

"Hawaahidi, mzee. Huipata iliyo njema, mapema."

"Basi ni nyuki kweli. Nami sijapata kurina asali yote."

Mzee alirudi kwenye mizinga yake ameridhika. Kijana alibaki akiwaza jinsi deni lake lilivyokaribia kubaki bila kulipwa kwa kukosa maneno machache tu. Wasomi wa Kiswahili na walione hilo: vijijini wamo wengi waliochanga karo, na hadi leo wanangoja kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa, fedha zao zilisoma nini.