Dawa ya Deni

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hii nimeifundisha darasani na kuitahini, wala sikuitilia shaka hadi nilipomtamkia dada yangu mkubwa nyumbani kwetu Mosocho.

Dada huuza ndizi sokoni. Mwaka 2023 alikopa kwa simu ili alipe karo ya mwanawe. Biashara ilipodorora alikopa kwingine alipe kule, kisha kwa tatu alipe kwa pili. Habari hizi hazikutoka kinywani mwake. Mtu nisiyemjua alinipigia simu nikiwa maktabani, akaniamuru nimwonye ndugu yangu "mwizi". Nilipofika nyumbani nilimkuta hali wala halali, simu ameizima na kuifungia kabatini. Nami, msomi wa fasihi, nikamwambia, "Dada, dawa ya deni ni kulipa." Alinitazama tu. Baadaye Mama alinivuta kando akaninong'oneza kuwa Dada alikuwa amemwuliza ni nani angewalea wanawe iwapo yeye hangekuwepo.

Usiku huo nilikaa naye jikoni, daftari mkononi. Tuliandika jina la kila mdai, kiasi na tarehe. Alilia tulipofika deni la tatu. Tulipojumlisha alinyamaza, kisha akasema, "Nilidhani ni zaidi."

Asubuhi nilimsindikiza zahanati, akazungumza na muuguzi kwa muda mrefu. Wanawake wa chama chake, ambao alikuwa akiwakwepa kwa aibu, walikubali kumsubiri. Nami niliwapigia wadai, nikawakumbusha kwamba kanuni za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, zinakataza kumtukana mdaiwa na kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu yake. Matusi yalikoma, madeni yalibaki. Hadi leo analipa kidogo kidogo kila siku ya soko, na usingizi umemrudia.

Wahenga hawakukosea. Niliyekosea ni mimi, niliyemtajia mgonjwa jina la dawa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Ndugu msomaji, ukiona mwenzako amezima simu na kuanza kukwepa watu, usimpelekee methali. Nenda na daftari, uketi naye, mhesabu pamoja.