Pambo na Ukweli katika Gari la Polisi la Mchezo

Kuiga ni kazi ya kale ya mwanadamu, na mtoto huianza kabla hajajua kuandika jina lake. Katika vijiji vya milima ya Uluguru, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, mtoto mwenye waya, kopo na kandambili iliyokatika hana haja ya duka ili apate gari. Waya huwa kiunzi, kandambili hukatwa ikawa magurudumu, na kijiti kirefu huwa usukani. Gari hilo halina kioo wala injini, walakini kila alitazamaye hulitambua. Mtoto amechagua machache yaliyo ya lazima, akayaacha mengi. Na uchaguzi huo ndio mwanzo wa sanaa.

Kijana wa leo ana waya wa namna nyingine. Katika kompyuta huunda gari kwa vipande vidogo vya pembetatu, hulivika rangi, hulitia taa, kisha huliingiza katika mchezo uliotengenezwa na watu wengine. Badiliko la jinsi hiyo huitwa modi. Mchezo wa Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka 2013 na kufika katika kompyuta mwaka 2015, umepata modi nyingi za magari ya polisi. Mwaka huo wa 2015 ilitoka pia modi ya LSPD First Response, ambayo humwezesha mchezaji kuwa askari badala ya mhalifu. Hapo huzuka swali gumu kuliko linavyoonekana: gari la polisi la mchezo liwe na nini, na likose nini?

Wako wapendao kuongeza. Huweka ngao mbele, kurunzi ubavuni, antena juu ya buti, na taa katika kila ufa. Hapana hata kimoja katika vitu hivyo kisichopatikana duniani. Uongo umo katika mkusanyiko wake. Ngao ya gari la polisi wa Marekani huweza kusukuma gari lililokwama barabarani. Kurunzi husaidia kusoma namba ya nyumba usiku. Antena hutumikia redio. Kitu kilichonyang'anywa kazi yake hugeuka kuwa pambo. Sheria ya California, mathalani, hulidai gari la dharura liwe na angalau taa moja nyekundu mbele inayowaka mfululizo bila kumeta. Fundi azimetishaye taa zote ameongeza mwanga akapunguza ukweli. Tena kila kipande ni mzigo, kwa kuwa kompyuta hukichora upya mara nyingi katika sekunde moja; ikizidiwa, mchezo huchechemea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtu akitaka kuunda gari la polisi wa Morogoro, asianze na taa. Na aanze na njia. Barabara itokayo Sangasanga kupanda Langali na Mgeta hupita katika miteremko mikali, na malori ya kabichi na karoti hushuka kwayo kwenda sokoni. Gari la mahali kama hapo hutambulikana kwa kimo chake kutoka ardhini, kwa uimara wa springi zake, kwa mabenchi ya nyuma wanapokaa askari, na kwa herufi PT za kibao cha namba. Huenda likawa Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984. Huenda likawa Land Rover Defender, ambayo kiwanda kiliacha kuiunda Januari 2016, lakini jina lake, difenda, lingali katika vinywa vya watu. Tope kidogo juu ya tairi lingesema kweli kuliko taa 20.

Walakini haifai kudhani kwamba ukweli ni uchi. Basi la abiria la Tanzania huvikwa rangi, majina na maandishi, na mwenye kuliunda bila hayo kwa kuogopa pambo atakuwa amesema uongo, kwa maana pambo la basi lina kazi: humwita abiria. Gari la polisi halimwiti mtu. Humwonya, au humwendea. Basi kipimo si wingi wala uchache wa vitu. Kipimo ni sababu.

Na sababu hiyo si jambo dogo kwa watu wa Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mji uliopata msiba wa barabara wa kiasi hicho unajua kwamba taa ya dharura ni neno, na maana yake ni: pisheni, kuna roho ya mtu. Neno linalotamkwa bila haja huchakaa. Kijana aliyezoea kuona taa hizo kama ushanga atajifunza kwamba dola ni mng'aro. Aliyezoea kuuliza kila taa inamtumikia nani atajifunza kwamba dola ni utumishi. Mtoto wa gari la waya hakuwa na taa ya kutia, lakini hakusahau usukani.