Wageni wa Vuli Shambani Kikambala

Hatukusafiri mbali. Kutoka nyumbani kwetu Mtwapa hadi shamba la marehemu nyanya yetu, huko Kikambala, ni mwendo mfupi wa matatu, kisha miguu kidogo kati ya mihogo na minazi. Tulikwenda Jumamosi moja ya Novemba baada ya Sala ya Alfajiri: mama, shangazi, sisi na watoto, tukichukua mahamri, chupa ya chai na darubini moja yenye kioo kilichokwaruzika.

Mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha, nao kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini makundi kwa makundi. Mbayuwayu walipita chini juu ya mahindi machanga, wakageukia penye mkorosho, wakarudi tena, midomo wazi. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, naye huzaliwa Ulaya au Asia. Hukaa kwetu hadi Machi au Aprili, kisha hurejea kwao kutaga. Keremkerem waliketi kwenye waya wa umeme, kila mmoja akimsugua nyuki wake hapo kabla ya kummeza, ili autoe mwiba. Nao yangeyange, wasiongoja kukaribishwa, walimfuata ng'ombe wa jirani hatua kwa hatua.

Aliyetushika zaidi ni ndege wa buluu mwenye mgongo wa hudhurungi, mgeni naye kutoka kaskazini, aliyetua juu ya mnazi uliokufa, usio na kilele. Alishuka, akadaka mdudu, akarudi pale pale, mara nyingi hata chai ikapoa. Mjomba ataka mnazi ule ukatwe, kwani mbawakawa waharibuo minazi huzaana katika magogo kama hayo. Asema kweli.

Lakini lililotukalia moyoni si mnazi. Shamba ni mirathi ya watu saba, na mnunuzi wa viwanja amekwisha kuja kulitazama. Wawili kati ya warithi wana karo za kulipa. Hatuwezi kuwalaumu, na kila mmoja ana haki ya fungu lake.

Shangazi alisema, bila kuiondoa darubini machoni, kwamba likigawanywa yeye atataka upande ule wa mnazi mkavu. Mama hakujibu; alimmiminia chai. Kitinda mimba wetu alikuwa akihesabu mbayuwayu kwenye waya. Alifika 43, wakaruka wote, akaanza upya.