Tuulizeni Kwanza

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nakubaliana nao, lakini naongeza hivi: kabla hujatoa, mwulize anayepokea anahitaji nini.

Ndugu msomaji, mtaani kwetu sisi vijana tuliamua kuzibua mitaro, maana mvua ikinyesha maji machafu huingia hadi vyumbani. Tuliomba reki na wilibaro mbili tu. Mfadhili mmoja akatuletea fulana zenye picha yake! Tukapigwa picha, naye akaenda zake. Mitaro ikabaki vile vile.

Kule Mathare, Nairobi, mambo yalikwenda vingine. Mwaka wa 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Timu zilipata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kuzoa taka mtaani. Misaada ilikuja, mingine kutoka Norwe, lakini vijana waliketi kwenye kamati wakaamua. Waliojitolea sana walisaidiwa karo. Mwaka wa 1992 Umoja wa Mataifa uliwatuza kwa kazi hiyo ya mazingira.

Kuna wasemao eti vijana wakipewa pesa watazila. Sawa, basi kila shilingi iandikwe daftarini na isomwe hadharani. Lakini anayelala penye maji ndiye ajuaye mtaro ulipoziba.

Wazazi, walimu na wahisani, haba na haba hujaza kibaba. Changeni hata kama ni kidogo. Uongozi tunao, tulichokosa ni reki.